Upepo wa Wening

Novemba 4

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Paa la ukumbi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na Pak Tejo, kocha wetu, amezipanga ndoo zilezile kando ya wavu huku akiapa kwamba safari hii paa litatengenezwa. Hapa Wonosobo, milimani Java, mvua ikishaingia inakaa mpaka Machi. Nimefungua daftari jipya, maana jioni zitakuwa ndefu na redio yangu haishiki stesheni kukiwa na mawingu.

Kazi yangu msimu huu ni ileile: kupika, kukagua vitanda vya wasichana, kugombana na soksi, na mtoto akiingiwa na upepo, yaani baridi na uchovu mwilini, kumlaza kifudifudi na kumkwangua mgongo kwa sarafu na mafuta ya mkaratusi mpaka itokee michirizi myekundu. Ikitokea, upepo umetoka. Watoto wananiita Bu, yaani mama, na mikono yangu inasifiwa mpaka bweni la wavulana, na sioni aibu kuliandika hilo.

Februari kuna mashindano ya badminton ya vijana mjini Semarang. Watakaofika nusu fainali wanabaki klabuni. Wasiofika wanafungasha masanduku wanarudi kwao, na mimi ndiye ninayekunja mashuka yao. Mwaka huu sina wasiwasi na Wening na Anis. Wanacheza pamoja tangu wana miaka kumi, sasa wana kumi na minne, na wakiwa uwanjani hawahitaji hata kuitana. Kinyoya kikija katikati yao, mmoja anakipiga na mwingine tayari yuko panapotakiwa.

Novemba 9

Nguo hazikauki. Bweni zima linanuka miguu.

Novemba 15

Pak Tejo amewatenganisha Wening na Anis. Alibandika karatasi ya majina kwenye mlango wa jiko langu, akavaa koti lake la mvua, akapanda pikipiki akaenda zake. Wanaume wa kwetu wako hivyo, jambo zito hawalisemi usoni. Anis kapewa mwenzake mpya, Kinasih, msichana mrefu aliyeletwa juzi kutoka Salatiga. Wening kapewa Tiwi, mtoto bado mdogo, ambaye akipiga kinyoya anafumba macho.

Wasichana walijazana mlangoni kusoma. Anis alilia papo hapo. Wening alisoma, akatabasamu, akaenda kumshika Tiwi bega: "Haya dogo, kumbe tuko pamoja. Usinipige na raketi tu."

Nikamvuta kando. "Wening, hujambo mwanangu?"

"Sijambo, Bu."

"Chukua tempe basi, bado ya moto."

"Asante Bu, nimeshiba."

"Chukua."

"Hapana Bu, kweli."

"We mtoto, chukua hiyo tempe!"

Ndipo akachukua vipande viwili vya ile soya ya kukaanga. Hivi ndivyo mtoto aliyelelewa anavyokuwa. Unamkaribisha mara ya kwanza anakataa, ya pili anakataa, ya tatu anapokea kwa mikono miwili. Hawa wa siku hizi unawakaribisha mara moja, sahani imekwisha.

Novemba 16

Mvua. Tumekula supu ya kabichi.

Novemba 24

Wening kaja chumbani kwangu baada ya magharibi. "Bu, nadhani nimeingiwa na upepo." Nikamlaza. Nilimkwangua mara kadhaa, ngozi ikabaki vilevile, nyeupe. Nikaona labda upepo uko chini sana, basi nikakandamiza, nikakandamiza tena, hadi michirizi ikatokea. "Umeuona?" nikamwambia. "Ulikuwa umejificha." Hakulalamika hata kidogo. Nilimsimulia harusi ya mtoto wa jirani, bwana harusi alivyoteleza kwenye matope na kilemba chake, nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Desemba 2

Wening tena. Upepo.

Desemba 7

Pak Tejo leo alikuwa na furaha. Wakati wa chakula cha mchana alisimama mbele ya wasichana wote akasema, "Mtazameni Wening. Nimempa mtoto mdogo acheze naye, mmesikia akinung'unika? Nyie wengine nikiwabadilishia hata ndoo ya maji mnaninunia." Wening akainama, akatabasamu. Nilijisikia fahari kana kwamba nimemzaa.

Baba yake, Pak Wiryo, analima viazi kwenye mteremko wa mlima Sindoro. Anapiga simu kila Jumapili. Simu inakuwa mkononi mwangu, kwa hiyo namsikia: "Mmeshinda?" Basi. Si mtu mbaya, ni wa maneno machache. Aliwahi kucheza ujanani, goti likamkatalia.

Desemba 13

Wening kaja jioni. Hii sasa ni desturi yetu. Nimeshamtengea mto wake.

Desemba 20

Leo tulikuwa na mgeni. Chama cha mchezo kimeagiza kila klabu iwape wachezaji vijana nafasi ya kuzungumza na mshauri, wasije wakalemewa na mambo moyoni. Basi wakatuletea dada mmoja, Mbak Danastri, kutoka Semarang, msichana mwenye miwani mikubwa na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Desemba, Wonosobo.

Nikamwekea chai. "Karibu, Mbak." Akasema asante, akanywa! Mara ya kwanza tu! Nikamtazama Pak Tejo, Pak Tejo akanitazama, tukajikaza tusicheke.

Akaomba azungumze na wasichana mmoja mmoja, peke yake. Nikamwambia, "Peke yako vipi, Mbak? Mgeni wetu tumwache chumbani kama ameletwa na kesi? Watu watatusema." Nikaketi na birika langu. Pak Tejo naye kwa heshima akaketi karibu na mlango. Wasichana wakaingia kwa zamu. Danastri anauliza wanalalaje, wanajisikiaje wakishindwa, nani wanayemwambia. Wanamtazama, kisha wananitazama mimi, kisha Pak Tejo. "Sijambo, Mbak." "Nalala vizuri, Mbak." Wening aliingia, akasalimia kila mmoja wetu kwa kuinama, akasema yuko vizuri, klabu ni kama nyumbani. Nikasema moyoni, huyu katupa heshima mbele ya mgeni.

Wakati wa kuondoka yule binti aliniambia jikoni, taratibu, "Bu Narti, watoto wote kumi na moja hawajambo. Mimi nimefanya kazi hii miaka sita, sijawahi kukuta watoto kumi na moja wote hawajambo."

"Ni hewa ya mlimani," nikamjibu.

Hakucheka. Alibandika namba yake ya simu kwenye friji na kusema nimpigie saa yoyote.

Desemba 21

Pak Tejo na mimi bado tunacheka habari ya chai.

Januari 5

Wening ameanza kukwama anapoanzisha. Anasimama na kinyoya mkononi, raketi tayari, halafu mkono hauendi. Tiwi anamngoja. Wapinzani wanamngoja. Baadaye anapiga, kinaingia wavuni. Pak Tejo amemwambia abaki ukumbini jioni aanzishe peke yake mpaka ndoo ya vinyoya iishe, kisha aviokote aanze upya. "Ni mazoea tu," kasema. "Mkono ukichoka kufikiri utapiga wenyewe."

Niliwasikia wale wakubwa wakimtania bafuni. "Wening ameganda! Mleteeni maji ya moto!" Na yeye alicheka nao.

Januari 11

Kaja nimkwangue. Mgongo wake umekonda, mifupa naihisi chini ya sarafu. Nikamwambia ale. Alikuwa amelala uso ndani ya mto, akasema kitu.

"Unasemaje?"

"Hapana, Bu. Si kitu."

Nikaendelea na habari yangu. Nilikuwa namweleza marehemu mume wangu alivyokuwa akiogopa bata.

Januari 18

Anis alinifuata jikoni leo, akasimama pale akikunja kitambaa cha sahani, akikikunjua.

"Bu, Wening haongei siku hizi. Analala amegeukia ukuta. Nikimuuliza ananiambia yuko sawa."

"Sasa wewe unataka akuambie nini? Si wewe ndiye unayecheza na Kinasih?"

Uso wake ukabadilika. "Sikuomba mimi, Bu. Ni karatasi."

"Basi mwache mwenzio apumzike. Nenda kaoge."

Akaenda. Nilikuwa na unga mikononi na wali unaungua, ndiyo maana nilimjibu vile. Lakini mbona kwa Wening nilikuwa na muda kila jioni? Kwa sababu Wening hakuniuliza chochote.

Januari 27

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Barabara ya kwenda sokoni imemomonyoka. Wening kaja. Nimemkwangua haraka, nilikuwa na usingizi.

Februari 8

Naandika haya nikiwa Semarang, kwenye nyumba ya wageni. Usiku umekwenda, lakini nikiacha mpaka kesho nitaanza kujisamehe.

Mechi ya Wening na Tiwi ilikuwa ya saa nne. Nilikuja na vijana safari hii kwa ajili ya chakula, nikakaa safu ya chini karibu na mabegi. Pak Wiryo alikuwa juu yetu, ametoka mlimani tangu alfajiri, koti lake linadondosha maji. Seti ya kwanza walipoteza kidogo tu. Ya pili walikuwa wanaongoza. Tiwi alicheza macho wazi, maskini, siku hiyo alicheza vizuri kuliko siku zote.

Ikafika zamu ya Wening kuanzisha. Akashika kinyoya mbele ya kifua. Akasimama.

Mwamuzi alingoja. Akamwambia acheze. Wening akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, na hakucheza. Pak Tejo akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Piga tu! Wening, piga!" Kutoka juu nikasikia sauti ya Pak Wiryo, "Mkono! Mkono!" Mwamuzi akamwonya. Ukumbi ukaanza kunyamaza, uwanja wa jirani wakageuka kutazama. Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe. Nilikuwa natabasamu ili akinitazama aone kwamba hakuna neno.

Hakunitazama. Akakiweka kinyoya chini, taratibu, akalaza raketi kando yake. Akamwinamia mwamuzi. Akapita chini ya wavu, akawapa mkono wale wasichana wawili wa upande wa pili, ambao hawakujua wafanye nini, wakampa. Akamkumbatia Tiwi. Kisha akatoka kwa mlango wa pembeni, na nje mvua ilikuwa inamwagika.

Tulimtafuta vyooni, tukamtafuta kwenye chumba cha kusalia, tukamtafuta kwa wauza supu ya madonge ya nyama barabarani. Pak Wiryo alikuwa anakimbia na lile goti lake, akiita jina la mtoto kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwenye simu. Mimi ndiye niliyelifikiria basi letu. Dereva alikuwa ameulalia usukani. Nyuma kabisa, kwenye kiti kirefu, Wening alikuwa amelala kifudifudi, amelowa chapachapa, uso ndani ya begi lake.

"Bu," akasema bila kuinua kichwa, "nimeingiwa na upepo."

Na mimi nikatoa sarafu. Naiandika kama ilivyokuwa. Mtoto ametoka uwanjani katikati ya mechi, ametembea kwenye mvua, na mimi mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta sarafu. Nikainua fulana yake. Michirizi ya wiki iliyopita ilikuwa bado ipo, na chini yake ya wiki ile nyingine, imegeuka kijani. Mgongo mzima ulikuwa kazi yangu. Hapakuwa na mahali pa kukwangua. Nikaiacha sarafu, nikamfunika kwa ukaya wangu.

Nikasema, "Wening, huu si upepo."

Akavuta ncha ya ukaya karibu na uso. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayosemea asante, "Bu, sitaki tena kuamka asubuhi. Nilikuwa naomba kila siku nisiamke. Sasa nimechoka hata kuomba."

Namba ya Danastri ilikuwa kwenye friji, Wonosobo. Nilimpigia mpishi wa bweni la wavulana anisomee, akaisoma vibaya mara ya kwanza. Danastri akaja na pikipiki katika mvua ile. Aliingia ndani ya basi, akatuomba tushuke sote, na safari hii sikumwambia habari za mgeni kuachwa peke yake. Nilishuka. Tukasimama nje, mimi, Pak Tejo na baba wa mtoto, hakuna hata mmoja aliyefungua mwavuli.

"Nilimuuliza," Pak Tejo akawa anasema. "Kila siku nilimuuliza, hujambo Wening? Bu Narti, wewe ni shahidi. Alisema hajambo."

Pak Wiryo alikuwa ameshika raketi ya bintiye, anaifuta maji kwa kiganja, inalowa tena, anaifuta.

Februari 9

Wamempeleka hospitali, Danastri yuko naye. Daktari amesema asiachwe peke yake. Anis na Kinasih wamefika nusu fainali. Hakuna aliyepiga makofi ndani ya basi.

Februari 15

Wening amerudishwa kijijini kwao. Danastri atapanda huko kila wiki. Nimekunja mashuka ya kitanda chake. Chini ya mto nilikuta kichupa cha mafuta ya mkaratusi, changu, nilichompa mwenyewe. Nililia mpaka Tiwi akaja kunishika mkono.

Februari 18

Anis hanisemeshi. Ana haki.

Februari 22

Pak Tejo amebandua ile karatasi mlangoni, imeacha alama nne za gundi. Amekuja kukaa jikoni bila shughuli yoyote. Nilimkaribisha chai, akanywa. Amesema amemwandikia Danastri aje tena, na kwamba safari hii atakwenda kunywa kahawa kwa jirani mpaka amalize. Alisema, "Nilikuwa nampenda kwa sababu hakunisumbua." Na mimi nilimpenda kwa hilohilo.

Machi 3

Jua kidogo asubuhi. Nguo zimekauka nusu.

Machi 14

Leo nimekwenda kwa kina Wening. Njia ni mbaya, nilibebwa nyuma ya gari la mbolea, na nilipofika mgongo wangu ulikuwa umekufa. Mama yake akanikaribisha chai. Nikasema asante, nimekunywa njiani. Akanikaribisha tena, nikasema asijisumbue. Akanikaribisha tena, nikapokea. Wening ndiye aliyeileta. Amenenepa kidogo usoni. Nywele kazikata.

"Hujambo, Wening?"

"Sijambo, Bu." Na lile tabasamu.

Mama yake akaona ninavyojishika kiuno. "Wening, mkwangue Bu mgongo, ameingiwa na upepo wa njiani." Nilitaka kukataa, lakini Wening alikuwa ameshaleta mafuta. Nikalala kifudifudi kwenye mkeka, kichwa ndani ya mto, mama yake akaenda jikoni. Sikujua mahali pale pakoje. Humwoni mtu. Sauti yako mwenyewe inaingia kwenye pamba inaishia huko. Jioni zote zile nilimlaza hapo, kisha nikasimulia habari za bata.

Sarafu ikashuka taratibu. Hakukandamiza hata mara moja. Nilikaa kimya, na kukaa kimya kulinishinda nguvu karibu nipasuke, lakini nilikaa. Baada ya muda mrefu akasema, nyuma yangu, bila hasira:

"Bu, tempe ulikuwa unanikaribisha mara tatu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kile kingine ulikuwa unaniuliza mara moja tu."

Sarafu ikaendelea kushuka. Nililia ndani ya mto na sikujificha, nadhani alihisi mgongo ukitikisika. Majuto yangu hayana mahali pa kwenda. Nilijua desturi hii kuliko mtu yeyote pale bwenini, nilimcheka mgeni kwa kutoijua, na sikuitumia mahali pekee ilipotakiwa.

Nikageuza kichwa. "Wening, hujambo?"

"Sijambo, Bu."

Nikangoja. "Wening. Hujambo?"

Mkono wake ukasimama. Nikasikia akivuta pumzi, ndefu, na nikajua kwamba kuna kitu kinakuja. Hapohapo mlango ukasukumwa, Pak Wiryo akaingia na matope mpaka magotini, amebeba kapu la viazi. "Bu Narti! Gari linaondoka sasa hivi, ni la mwisho. Viazi vyako hivi, usikatae." Wening akanishusha blauzi, akanisaidia kuinuka, akambebea baba yake kapu. "Ndiyo, Pak," akasema. Uso ulikuwa umeshakuwa ule wa siku zote.

Nilimtazama kutoka nyuma ya gari mpaka kona. Alikuwa amesimama kando ya uzio, mikono imekunjwa mbele, kama mtoto aliyelelewa.

Mvua haikunyesha njia nzima. Nimeshuka mlima na kapu la viazi mapajani, na mara ya tatu bado iko mdomoni mwangu.